Kamera Ilikuwepo Karungu

Mwaka 1911 mwanajiolojia Mwingereza aitwaye Felix Oswald alifika Karungu, kando ya Ziwa Victoria, sehemu ambayo leo iko Nyatike, Kaunti ya Migori. Alikuja kuchimba mifupa ya wanyama waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, na kamera alikuja nayo. Mwaka 1915 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo, Alone in the Sleeping-Sickness Country. Jina lenyewe linachekesha kidogo: ati alikuwa peke yake katika nchi ya malale. Safari za Wazungu enzi hizo hazikwenda hatua kumi bila wapagazi, mpishi na vijana wa kuteka maji. Kuwa peke yako, kwa lugha ya vitabu hivyo, kulimaanisha kwamba hakuna Mzungu mwingine karibu.

Januari ya mwaka huohuo, Mmarekani Lewis Hine alikuwa South Pittston, Pennsylvania, akipiga picha za wavulana wa mgodi wa makaa ya mawe. Wamekaa safu kwa safu, wameinama, wanachambua mawe kwenye makaa kwa vidole. Nyuso ni nyeusi kwa vumbi. Kama umewahi kuona picha ya zamani ya watoto wakiwa kazini, kuna uwezekano mkubwa ni mojawapo ya hizo.

Kwa hiyo mwaka mmoja, kamera mbili. Watoto walifanya kazi huko Pennsylvania, na watoto walifanya kazi Kavirondo Kusini, wilaya ya kikoloni iliyobeba Homa Bay, Migori na Kisii za leo ndani yake. Kwa nini wale wa kule wana sura, majina na hata urefu kwa inchi, na hawa wa kwetu wamebaki kuwa mstari mmoja kwenye ripoti ya mkuu wa wilaya?

Tuanze na Hine, maana watu hudhani siri yake ilikuwa jicho. Jicho alikuwa nalo, hakuna ubishi. Alikuwa mwalimu New York kabla ya kuingia kazini kwa National Child Labor Committee mwaka 1908, kamati ya raia waliotaka sheria ya kuwatoa watoto viwandani. Wenye viwanda hawakumtaka hata getini. Akajifanya muuza Biblia, siku nyingine muuza postikadi, siku nyingine mtu aliyekuja kupiga picha za mashine. Mtoto angesimamishwa kando ya mashine “ili ukubwa wake uonekane,” na hapo picha ishapatikana.

Lakini mfukoni alikuwa na daftari. Alijua kila kifungo cha koti lake kiko urefu gani kutoka chini, kwa hiyo akisimama karibu na mtoto alishampima bila kutoa futi. Ndivyo tunavyojua kwamba Sadie Pfeifer, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha pamba Lancaster, South Carolina, mwaka 1908, alikuwa na inchi 48. Jina, umri, kazi, mahali, tarehe, na mara nyingi mshahara. Akirudi hotelini alipanga yote chini ya picha. Maktaba ya Bunge la Marekani ina zaidi ya picha 5,000 za kazi hiyo, na ukizipitia mtandaoni utakuta macho yako yanahama kutoka kwenye picha kwenda kwenye maneno.

Mfano ninaoupenda ni wa Addie Card. Agosti 1910, kiwanda cha pamba, North Pownal, Vermont. Msichana amesimama pekupeku, mkono mmoja juu ya mashine, mwembamba ajabu. Hine aliandika kwamba mwenyewe alisema ana miaka 12, na wasichana wenzake walisema ana 10. Aliandika pia kwamba aliingia kazini wakati wa likizo ya shule na sasa amebaki. Mwaka 1998 posta ya Marekani ikamtoa kwenye stempu. Mwandishi Elizabeth Winthrop akataka kujua yule mtoto aliishia wapi, akasaidiwa na mtafiti Joe Manning, na wakamfuata kwenye rekodi hadi kaburini. Addie alikuwa amefariki mwaka 1993, bibi wa zaidi ya miaka 90, bila kujua kwamba uso wake unatumiwa na nchi nzima kueleza utoto ulioporwa. Manning aliendelea kuwatafuta wengine, mamia. Ukiuliza aliwezaje, jibu ni fupi: majina yalikuwa kwenye daftari.

Sasa njoo ziwani.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Wapiga picha walikuja na reli. William Young aliyepiga picha za ujenzi wake ndiye anayejulikana zaidi. Haikuchukua muda, postikadi za “Kavirondo” zikawa bidhaa ya wasafiri: wanawake wenye shanga kiunoni, wanaume wenye mikuki na vilemba vya manyoya, watoto uchi wakiikodolea macho lenzi. C. W. Hobley, afisa ambaye Wajaluo walimwita Obilo, naye alipiga zake, na nyingine ziliingia kwenye maandishi yake ya kitaalamu. Wamisionari Waadventista waliofika Gendia mwaka 1906, huko Homa Bay ya leo, walikuwa na aina yao ya picha, ile ambayo misheni zote zilipenda: wanafunzi wamepangwa mstari mbele ya shule, mashati meupe.

Soma maelezo chini ya postikadi hizo na utakuta neno moja. Kavirondo. Hakuna jina la mtu, hakuna kijiji, hakuna mwaka. Na bado mtoto yumo kazini. Yule amembeba mdogo wake mgongoni, huyu ana fimbo ya kuchungia, mwingine kichwani ana mtungi. Mpiga picha hakuiona kazi hiyo, aliona mandhari.

Tuwe wakweli lakini. Mtoto wa Kijaluo aliyechunga ng'ombe wa babake hakuwa kibarua wa mtu. Alikuwa anajifunza kuwa mwenye ng'ombe, na jioni alirudi kwenye moto wa nyumbani na chungu cha mamake. Sioni haja ya kumweka kapu moja na Addie. Kilichogeuza mambo ni kodi ya nyumba, ambayo ililipwa kwa pesa, na pesa zilikuwa kwenye mashamba ya Wazungu. Hapo ndipo kazi ya mtoto ilipoanza kuwa na bwana.

Hata neno lilibadilika mikononi mwao. Katika vitabu vya safari na vya masetla utalikuta neno “toto”. Si mtoto wa mtu. Ni kijana mdogo anayebeba chungu na mkeka wa mpagazi, au anayeosha sufuria na kuchanja kuni nyuma ya jikoni la memsahib. Walichukua neno letu la upendo, wakaling'oa kichwa, wakalifanya cheo cha kazi. Neno “boi” lilimfuata akikua, na hapo akakaa hata akiwa na mvi.

Kuna jambo jingine la enzi hizo ambalo sijui kama nicheke au ninune. Januari 1909 Rais Theodore Roosevelt aliwaita watu Ikulu ya Marekani kujadili watoto wasio na walezi. Ulikuwa mkutano mkubwa, na wanahistoria wa ustawi wa watoto huutaja hadi leo. Miezi mitatu baadaye alikuwa ameshuka Mombasa na mwanawe Kermit, ambaye ndiye aliyebeba kamera. Msafara ulikuwa na mamia ya wapagazi, na kabla ya kuvuka kwenda Uganda walipitia Kisumu. Simba walipigwa picha kwelikweli.

Kisha ukaja 1919, mwaka ambao ungefundishwa vizuri shuleni tungeuona tofauti. Tarehe 23 Oktoba, serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka kwa maafisa wake kuhusu wafanyakazi. Machifu na wazee waliagizwa kusaidia kuwatoa watu waende mashambani. Mashamba yakiwa karibu na maeneo ya Waafrika, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda kufanya kazi wanayoiweza. Siku sita baadaye, tarehe 29 Oktoba, ulifunguliwa Washington mkutano wa kwanza wa shirika jipya la kazi duniani, ILO. Kabla ya Novemba kwisha mkutano huo ulikuwa umepitisha mkataba wa kuzuia watoto wa chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani. Uingereza ilikuwa na wajumbe ndani ya ukumbi ule. Mkono mmoja unatia sahihi, mwingine unaandika waraka.

Neno “wahimizwe” lisikudanganye. Chifu aliyekuwa na idadi ya kutimiza hakuwa na lugha ya kuhimiza. Kelele zilipigwa, zikafika London, na mwaka 1921 Winston Churchill, akiwa waziri wa makoloni, akaagiza maafisa waache kushurutisha watu kwenda kwa waajiri binafsi. Njia ya kwenda shambani lakini ilikuwa imeshakanyagwa. Mkonge kule Thika, sukari upande wa Kisumu, dhahabu Kakamega kuanzia miaka ya 1930, na huku kwetu Macalder. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge la Kilima Mbogo kwa sababu babake alikuwa kibarua huko. Familia nzima zilihama kufuata kazi.

Na chai. Kampuni kubwa za chai ziliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, na Kericho si mbali: unapanda kutoka ziwani kupitia Kisii, na kijana mwenye miguu anafika. Mchuma chai hahitaji nguvu za kung'oa kisiki. Hoja ya wenye mashamba ilikuwa kwamba kazi ni nyepesi, iko kwenye hewa safi, inafaa vidole vidogo, na wazazi wenyewe wanaitaka. Wenye viwanda vya pamba Marekani walikuwa wamesema karibu maneno hayohayo kuhusu vidole vya akina Addie. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na mtu wa kuvipiga picha vile vidole.

Huku tulikuwa na mtu wa kuandika barua. Walter Owen, Archdeacon wa Kavirondo wa kanisa la Anglikana, alikuwa Mzungu aliyewakera Wazungu wenzake hadi wakambatiza Archdemon, shemasi mkuu akageuka shetani mkuu. Baada ya mkutano wa Piny Owacho mwaka 1921, ambapo watu wa Nyanza walisimama kudai haki zao, Owen aliingia katikati na mwaka 1923 akawa rais wa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Wapo wanaosema, na mimi niko upande wao, kwamba alipoza moto uliokuwa unawaka vizuri. Lakini kwa suala la watoto na wanawake kufanyishwa kazi hakunyamaza. Alilipigia kelele kwa miaka, barabarani na mashambani.

Mwaka 1938 ndio unaoniuma. Juni mwaka huo, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kazi ambayo Hine na wenzake waliisubiri miaka 30. Miaka 16 ikawa kiwango cha kawaida, 18 kwa kazi za hatari. Kenya mwaka huohuo ilikuwa na sheria mpya ya kuajiri watumishi, na umri wa chini uliowekwa ni miaka 10. Kumi! Owen aliandika kwa gazeti la Manchester Guardian, watu wa Uingereza wakashtuka, na serikali ya Nairobi ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. (Sheria ya Marekani nayo iliwaacha nje watoto wengi wa mashambani. Wengi wao hawakuwa Wazungu. Tusiipambe sana.)

Silaha ya Owen ilikuwa barua. Unaweza kusema kwamba wamisionari hawakujua kutumia kamera kwa vita. Walijua. Mwaka 1904 huko Kongo, Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha mzee Nsala wa Wala akiwa ameketi barazani mbele ya mkono na mguu wa bintiye Boali, msichana wa miaka mitano aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine zake zilizungushwa kumbi za Uingereza na Marekani, zikionyeshwa ukutani kwa taa, na mwaka 1908 mfalme Leopold alinyang'anywa Kongo. Angalia: Nsala, Wala, Boali. Majina yalikuwepo hapo pia.

Tofauti basi ni nini? Jibu langu ni kwamba Kongo ilikuwa ya Mbelgiji. Kamera ya Mwingereza iliona vizuri sana ikivuka mpaka. Kwenye koloni lake mwenyewe, aliyeshika kamera alikuwa afisa aliyekusanya kodi, setla aliyehitaji wachumaji, msafiri aliyekula mezani kwao, au mmisionari aliyehitaji ruhusa ya serikali kujenga shule nyingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na sababu ya kutembea hadi shambani Kericho akiwa na daftari mfukoni.

Na umri wenyewe ulikisiwa kwa macho. Hakukuwa na cheti cha kuzaliwa. Hine alikuwa na vifungo vya koti. Hapa karani alimtazama kijana juu hadi chini na kuamua. Kwenye picha za Wajaluo za wakati huo kuna ishara moja inayosaidia kidogo, nayo ni meno. Nak, desturi ya kung'oa meno sita ya chini, ilifanywa mtoto akikaribia ujana. Mdomo ukiwa umefunguka kwenye picha, unaweza kukisia. Lakini kwenye picha za serikali midomo mingi imefungwa.

Mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alikaa wiki chache miongoni mwa Wajaluo, hasa Alego, akapiga picha. Zilienda kwenye jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, zikakaa kwenye sanduku miaka mingi. Mwaka 2007 mtafiti Gilbert Oteyo, akishirikiana na Christopher Morton wa jumba hilo, alizirudisha Nyanza kwenye maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, kukumbuka ya zamani. Picha zilipelekwa vijijini kabisa, na watu waliwatambua jamaa zao. Mtu ambaye Oxford alikuwa “Mjaluo” akawa babu wa fulani, wa ukoo fulani, boma lile pale. Siku hizi ziko mtandaoni. Niliacha chuo na kitambulisho cha maktaba kilienda na chuo, kwa hiyo nimezisoma kwa bando za shilingi 50, usiku, na nawashauri mfanye hivyohivyo.

Picha za leo ndizo nyingi kupindukia. Nyatike ileile ya Oswald ina mashimo ya dhahabu, Osiri Matanda na kwingineko, na watoto wapo: wanaponda mawe, wanabeba maji, wanayumbisha karai, wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Kule Homa Bay, Mbita na Rusinga, wapo wanaotoka usiku na mashua za omena, wanavuta nyavu na kukumba maji, asubuhi shuleni wanalala juu ya dawati. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 13. Kamera sasa zinakuja kwa wingi, na magari yenye nembo mlangoni.

Mwaka fulani shirika moja lilinipa kibarua cha kuandika maelezo ya picha zao. Picha 60, shilingi 150 kwa kila moja. Maagizo yalikuwa: bila jina, bila kijiji, uso usitambulike. Naelewa kwa nini. Jina la mtoto likiingia mtandaoni halitoki, na bosi wa shimo anasoma simu kama wewe. Hine hakuwa na tatizo hilo. Lakini nilipofika picha ya 40 nilikuwa nimeandika “Mtoto akiponda mawe, Migori” mara kumi na moja, na nikaona tumerudi kwenye postikadi. Hakuna aliyekataza kuandika mshahara. Hakuna aliyekataza kuandika saa alizoamka, uzito wa gunia, ada iliyomrudisha nyumbani, au nani ananunua hiyo dhahabu jioni na kwa bei gani. Sehemu hizo za daftari hazimhatarishi mtoto. Zinamhatarisha mnunuzi. Niliuliza kama naweza kupiga simu kwa aliyepiga picha anipe habari hizo. Nikaambiwa nafasi ya maneno ni kumi na tano.

Kati ya picha hizo kulikuwa na moja ya ufuo, Homa Bay, kijana akianika omena. Aliyepiga alinisimulia baadaye kwamba mamake kijana alikuwa pale pale, alimpa ruhusa, akaweka kidole kwenye fomu, halafu akauliza kitu kimoja: picha ya kwake ataipata lini? Kwenye bajeti hakukuwa na kifungu cha kuchapisha. Pale mjini, duka la picha karibu na steji, ukubwa wa postikadi ni shilingi 50.